Shule Kubwa ya Serikali: Tuipime Kabla ya Kumpeleka Mtoto

(Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa wanachama na jamaa zao. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu ya usiku wasiweze kufika.)



Tumeombwa kusema juu ya zile shule za sekondari za serikali ambazo mtoto haingii mpaka amechaguliwa kwa alama zake, zile ambazo kwa miaka mingi tuliziita shule za kitaifa. Swali tuliloletewa ni moja: mzazi anayeishi kwa mshahara atajuaje kama shule ya namna hiyo yamfaa mtoto wake?

Swali hili halikuzuka ofisini. Lililetwa na ndugu yetu mmoja wa upande wa mashini. Kijana wake aliitwa katika shule yenye jina kubwa. Jirani walishangilia, mkewe akapiga vigelegele, naye akaenda kukopa katika chama cha akiba na mikopo, na mitamba miwili ya nyumbani ikauzwa. Muhula wa kwanza ulipokwisha alikuja kwetu akauliza, "Ndugu zangu, nimenunua kitu gani?" Hatukuwa na jibu. Sisi pia tulijua jina la shule tu, kama yeye. Hapo ndipo kamati ilipotumwa kwenda kutazama shule tatu kwa macho, na kusoma yaliyoandikwa na watu waliozichunguza.

Kwanza tuseme kwamba heshima ya shule hizi haikutoka hewani. Maseno ilianza mwaka 1906, Mang'u mwaka 1925, na Alliance kule Kikuyu ikafunguliwa mwaka 1926. Katika siku za ukoloni, shule za sekondari za Waafrika zilihesabika kwa vidole, na aliyepita mlango huo alikuwa amepita mlango wa nchi nzima. Carey Francis, Mwingereza aliyekuwa akifundisha hesabu Cambridge, aliongoza Alliance tangu 1940 hata 1962, na serikali ya uhuru ilipoundwa mwaka 1963 mawaziri kadha walikuwa wamepita mikononi mwake. Tena kulikuwa na Prince of Wales iliyofunguliwa 1931 na Duke of York ya 1949, zote mbili za watoto wa Wazungu. Siku hizo mtu wetu aliingia humo kwa njia ya jikoni au bustani. Leo zaitwa Nairobi School na Lenana, na mtoto wa mpishi huingia kwa alama zake. Hilo si jambo dogo, na mtu asije akadhani tumekuja kulidharau.

Lakini jina lililopatikana wakati shule zilikuwa chache haliwezi kutuambia shule inafanya nini leo.

Mzazi akiuliza habari za shule, huambiwa wastani wa mtihani. "Shule hii ilipata 9 na kitu kati ya 12." Basi, na tufikiri kama watu wa kazi. Ziko gereji mbili. Moja hupokea gari jipya tu, lililotoka melini juzi. Ya pili hupokea kila gari linalosukumwa mpaka mlangoni. Mwisho wa mwaka gereji ya kwanza itasema magari yake yote yanatembea. Je, mafundi wake ni hodari kuliko wa pili? Huenda ni hodari, huenda hawajui hata kufungua injini. Hesabu ile haikuambii.

Shule inayochagua watoto wenye alama za juu kabisa ni gereji ya kwanza. Na jambo hili limechunguzwa, tena hapa kwetu. Mwaka 2014 wataalamu wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, walitoa uchunguzi wao juu ya shule zetu za kitaifa za wakati zilipokuwa 18 tu. Hawakulinganisha mtoto wa kwanza na mtoto wa mwisho, kwa maana hapo jibu lajulikana. Walichukua watoto waliovuka mpaka wa kuchaguliwa kwa alama chache, wakawaweka kando ya wale waliokosa kwa alama chache. Watoto hawa walikuwa karibu sawa: mmoja akaenda shule ya kitaifa, mwenzake akaenda shule ya chini yake. Baada ya miaka minne wakatazama matokeo yao ya kidato cha nne. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba yule wa shule kubwa alikuwa amepata zaidi katika mtihani. Walisema kwamba sifa za shule hizo zatokana zaidi na watoto wanaochaguliwa kuliko kinachoongezwa na shule yenyewe.

Tulipoyasoma hayo tulinyamaza kidogo, kisha tukabishana mpaka usiku. Mwenzetu mmoja alisema basi shule kubwa ni bure. Hatukukubaliana naye. Uchunguzi ule ulihusu wale wa mpakani, wala wale waliokosa hawakutupwa porini; wengi walikwenda shule nzuri za mikoa. Tena mtihani haupimi marafiki anaopata kijana, wala ile hali ya kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Lakini tulikubaliana neno moja: mzazi asiuze ng'ombe kwa ajili ya wastani.

Sasa aulize nini? Aulize shule inafanya nini na mtoto wa mwisho. Katika darasa la watoto waliokuwa wa kwanza kwao wote, lazima mmoja awe wa mwisho, na huenda huyo akawa wako. Mtoto aliyezoea kusifiwa anajikuta nambari mia mbili na kitu. Katika shule moja tuliuliza, "Wale walio chini mwafanyaje nao?" Mwalimu akatuonyesha daftari: siku za kuwafundisha tena, jina la kila mmoja, na mwalimu anayemwangalia. Katika shule nyingine tulijibiwa, "Hapa hatuna wa chini." Jibu hilo lilitutisha kuliko wastani mbaya.

Aulize tena: katika kidato cha kwanza waliingia wangapi, na wangapi kati yao walikalia mtihani wa mwisho? Wakiwa wamepungua sana, wamekwenda wapi? Iko njia rahisi ya kupandisha wastani, nayo ni kuwaondoa wanyonge polepole: huyu ahamishwe, yule arudishwe nyuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumrudisha mtoto darasa. Imekataza pia kumpiga, na kumfundisha wakati wa likizo kwa lazima. Mzazi aijue sheria hiyo kama anavyojua mapatano yetu na mwajiri.

Sasa fedha. Mwaka 2015 serikali iliweka kikomo cha karo ya shule za bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na kuanzia 2018 yenyewe hutoa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Watu husikia 53,554 wakaigawa kwa miezi 12. Huko ni kujidanganya. Karo hugawanywa kwa mihula 50, 30 na 20 kwa mia. Kwa hiyo shilingi 26,777 zatakiwa kabla mtoto hajalala usiku wa kwanza. Juu yake weka godoro, sanduku la bati, blanketi, viatu, sare, vitabu na nauli. Na nauli si moja tu: kuna likizo fupi, kuna siku ya wazazi, kuna siku mtoto anapougua. Shule moja katika zile tatu ilitaka sare inunuliwe dukani mwake tu, kwa bei iliyopita ile tuliyoiona mjini kwa kitambaa kile kile. Tukauliza sababu, tukaambiwa ni desturi. Kisha kuna michango yenye majina mazuri: maendeleo, motisha, basi la shule. Kila senti iombewe risiti rasmi. Hilo nalo limo katika sheria. Asiyetoa risiti hana haki ya kutoza.

Jambo ambalo hatukutumwa kulitazama, nalo ndilo lililotukaa moyoni zaidi, ni bweni.

Wengi wenu mwakumbuka Kyanguli, Machakos, mwezi wa Machi mwaka 2001. Vijana 67 waliungua usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ilitoa kitabu cha usalama wa shule: nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, wala madirisha yasiwe na vyuma. Na bado mwaka 2024, katika shule ya Endarasha huko Nyeri, watoto 21 walikufa kwa moto bwenini.

Kwa hiyo tulikwenda na seremala wetu na tepu yake ya kupimia. Katika shule ya kwanza alipima akatikisa kichwa kwa kukubali. Katika shule ya pili, yenye jina kubwa kupita zote, vitanda vilikuwa vimekaribiana hata akashindwa kupitisha mabega yake, naye si mtu mnene. Tukaomba mlango wa pili wa bweni ufunguliwe. Ufunguo haukuwapo. Akaitwa mlinzi, akaitwa msimamizi wa bweni, akatumwa kijana mbio ofisini. Tulisimama pale dakika ishirini kwa saa ya mwenzetu, mchana, jua likiwaka, watu wote wako macho. Tulifikiri ingekuwaje saa nane za usiku. Tuliandika barua kwa halmashauri ya shule ile, na nakala yake iko ofisini kwa mwanachama anayetaka kuisoma.

Ndugu, msiende siku ya sherehe. Siku hiyo hata mawe hupakwa chokaa. Nendeni siku ya kawaida, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mtazame vyoo, na mtazame maktaba. Fungueni kitabu ukurasa ambao hupigwa muhuri wa kuazima. Mahali pamoja vitabu vilikuwa vizuri, nyuma ya kioo, lakini muhuri wa karibuni ulikuwa wa miaka kadha nyuma. Mahali pengine vitabu vilikuwa vimechanika majani na kushonwa kwa uzi, na sisi tulipenda hivyo vilivyochanika.

Tuseme pia juu ya utaratibu mpya, maana wengi bado wanahesabu kwa ule wa zamani. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulikuwa mwaka 2023. Wale wa kwanza wa Gredi ya 9 walifanya mtihani wao mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto sasa huchagua njia yake mapema: sayansi na ufundi, au masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Si kila shule ina njia zote tatu. Shule yaweza kuwa na jina la dhahabu, lakini haina mwalimu hata mmoja wa somo alilochagua binti yako. Katika uchaguzi wa 2025 kila mtoto aliandika shule 12, zikiwamo 3 za kutwa za karibu. Basi, kutembelea shule baada ya mtoto kuitwa ni kuchelewa. Twende angali yuko Gredi ya 9, kabla hajaandika.

Na zile 3 za kutwa zisiandikwe ovyo ovyo kujaza karatasi. Nazo zipimwe kwa tepu ile ile na maswali yale yale. Hapa kamati haikuwa na sauti moja. Wako waliosema mtoto anayelala nyumbani huona mikono ya baba yake ilivyo baada ya kazi, na hilo ni somo. Wengine, na hasa akina mama wa kamati, wakajibu kwamba mtoto anayesoma katika chumba kimoja chenye watu saba, taa ikizimwa saa tatu ili mdogo alale, humwonei huruma ukimnyima bweni. Sisi tuliona akina mama wana haki. Kila mtu aitazame nyumba yake mwenyewe kabla ya kuitazama shule.

Ndugu yetu wa mashini yupo hapa, ametupa ruhusa tuseme. Muhula wa pili alikwenda shuleni siku ya kawaida. Aliona kijana wake amekuwa nambari 214. Aliona pia mwalimu wa kemia anayemjua kijana kwa jina na kwa makosa yake, na bweni lenye milango miwili iliyo wazi. Amemwacha pale, na deni analilipa. Lakini binti yake yuko Gredi ya 9 mwaka huu, na orodha ya zile shule 12 bado ni karatasi tupu mezani kwake. Amesema haandiki jina hata moja kabla ya kwenda kuona.

Tutakwenda naye shule mbili, moja ya bweni na moja ya kutwa, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Anayetaka kufuatana nasi ampe katibu wa tawi jina lake kabla ya Jumatano, na nauli yake mkononi. Watu wa zamu ya mchana waombe ruhusa mapema kwa maandishi. Seremala atakuja na tepu yake.