Hadithi ya Karatasi Moja
(Hotuba fupi katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kusoma. Nitasema juu ya karatasi niliyoichana.

Mwaka 1997 nilikuwa kiranja wa bweni. Usiku mmoja, taa zimekwisha zimwa, nilimkuta mwenzetu akiwasomea wenzake kwa tochi hadithi aliyoitunga. Mtu wa mlimani ateremka Morogoro kuuza ndizi. Jioni apanda kurudi, Bondwa yote ukungu. Afika kwake, achungulia mlangoni: ajiona yeye mwenyewe amekaa mekoni, anakula, na mkewe anamwongeza ugali. Basi, imekwisha. Nilisema huo ni ushirikina, nikaichana. Usiku ule sikulala.

Hadithi ndefu ingetueleza yule wa mekoni ni nani, jini au pacha, nasi tungejifunika tukalala. Hii haikutueleza, ikatuachia kazi sisi.

Shaaban Robert alilijua jambo hili. Katika Adili na Nduguze, kitabu chembamba cha mwaka 1952, ndugu wawili wamegeuzwa nyani, na Adili hana budi kuwachapa kila usiku. Nakiri mengi ya kitabu kile yamenitoka, lakini viboko vile bado navisikia. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alikwenda mbali zaidi katika Nagona na Mzingile. Navyo ni vyembamba. Wako wanaolalamika kwamba havieleweki. Mimi nasema visomeni usiku, kisha mje tubishane.

Na sisi wa chini ya Uluguru tuna Kolelo, mzimu wa pangoni ambaye wazee walimsimulia kuwa ni nyoka mkubwa. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, ilivuma kwamba amekataza watu wasilipe kodi ya Mjerumani. Neno fupi namna hiyo, na serikali nzima ikashtuka! (Sisi wa ofisini huandika kurasa arobaini na hashtuki mtu.)

Ndugu zangu, mwandishi wa karatasi ile yumo humu ukumbini. Asubuhi nilimwomba radhi, miaka imepita mingi mno. Nikamwomba aiandike upya kwa ajili ya gazeti hili. Alicheka, akasema hakumbuki hata neno moja. Kama naitaka, niiandike mimi, maana ndiye niliyeisoma mwisho.