Kiti na Hati: Msingi wa Baraza la Mji Pwani

Hoja ninayokuja kuipinga jioni hii imezoeleka mno katika historia za serikali za mitaa. Inasema kwamba kasoro kuu ya mabaraza ya mkoloni ilikuwa kugawa viti kwa rangi, na kwamba uhuru wa 1963 ulipoufuta mgao huo, baraza likawa letu. Ripoti ya Jaji Feetham ya 1927 na sheria ya manispaa ya 1928, zilizoupa mfumo huo wa mabaraza sura yake, mnazijua, sitazirudia. Ninachodai ni kwamba hapa Pwani ya Kenya swali la nani ni mwenyeji wa mji lilikuwa limekwisha kuamuliwa miaka 20 kabla ya sheria hiyo ya manispaa, katika Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908.

Sheria hiyo yastahili kusomwa polepole. Ilihusu ukanda wa maili 10 ambao Uingereza iliutawala kwa jina la Sultani wa Zanzibar tangu 1895, na ilimtaka kila mdai apeleke dai lake kwa msajili wa hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeithibitisha kuwa yake ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Mwenye waraka wa kadhi alikuwa na pa kuanzia. Mgiriama ambaye ukoo wake ulilima bila waraka alikuta mlango umefungwa. Mwaka 1914, Wagiriama walipong'olewa kutoka kaskazini ya Mto Sabaki baada ya upinzani uliochochewa na Mekatilili wa Menza, bunduki ilikamilisha kazi ambayo kalamu ilikuwa imeianza. Kisha ukaja mpango wa manispaa uliotegemea kodi ya viwanja, na mlipaji wa kodi hiyo ni mwenye hati. Hivyo waliochujwa katika ardhi walikuwa wamekwisha kuchujwa katika baraza kabla halijaundwa.

Nitaambiwa kwamba hati nyingi za Waswahili na Waarabu wa Malindi zilikuwa halali na za kale. Nakubali, na sigombani na wenye hati. Nagombana na sheria iliyotambua aina moja tu ya ushahidi na kuwafanya majirani kuwa bwana na skwota. Nitaambiwa pia kwamba mji bila kodi ya viwanja hauwezi kuzoa taka. Lakini mchuuzi wa sokoni asiye na kiwanja hulipa ushuru wa soko. Anauchangia mji, kwa nini hati iwe ndiyo kipimo cha uenyeji?

Mwaka 1963 viti vilibadilika, rejista ya ardhi ikabaki. Mwaka 2013 baraza la manispaa ya Malindi lilivunjwa, na leo manispaa husimamiwa na bodi ya wateule. Ninashikilia kwamba anayeishi mjini ndiye mwenye mji. Kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, imalize kwanza suala la maskwota, kisha wajumbe wa bodi wachaguliwe kwa kura za wakazi wote, wenye hati na wasio nayo.