Baada ya Shule, Waende Wapi?

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Septemba, shule hufunguliwa kote nchini Burundi, na katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, toka Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, watoto hurudi madarasani. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005, mlango wa kuingilia shuleni umepanuka sana. Lakini uko mlango wa pili usiozungumzwa mara nyingi, nao ni ule wa kutokea. Kijana mwenye ulemavu wa akili, hata akibahatika kusoma, aghalabu hutoka katika mlango huo na kurudi nyumbani kukaa tu.

Yafaa kwanza kuondoa dhana potofu. Ulemavu wa akili si wazimu, wala si laana ya ukoo. Ni hali inayoanza utotoni na kudumu maishani, ambayo humfanya mtu ajifunze polepole kuliko wenziwe. Huhitaji muda mrefu zaidi, maelezo mafupi, na kuirudia kazi ile ile kwa vitendo mpaka mikono iizoee. Wapo wasemao kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba kijana wa miaka 18 amekwisha kauka. Methali hiyo haina nafasi hapa. Anayejifunza polepole ndiye hasa anayehitaji kuongezewa miaka ya kujifunza, wala si kupunguziwa.

Kwa upande wa haki, jambo hili limekwisha kuamuliwa zamani. Tarehe 20 Desemba 1971 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anayo haki ya kufanya kazi ya uzalishaji mali kwa kadiri ya uwezo wake wote. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2014, na ibara ya 24 ya mkataba huo inataja waziwazi mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima. Tarehe 10 Januari 2018 nchi hiyo ikajitungia sheria yake yenyewe ya kuwalinda na kuwaendeleza watu wenye ulemavu. Kwa hiyo sheria ipo. Lakini sheria peke yake haimfundishi mtu kupima dagaa wala kuhesabu faranga.

Nchi nyingine zimejaribu kuziba pengo hilo kwa kuwapokea vijana hao katika vyuo. Mjini Edmonton, Kanada, Chuo Kikuu cha Alberta kilianza kuwapokea mwaka 1987. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2008, iliruhusu wanafunzi wa namna hiyo wapate msaada wa fedha za serikali katika vyuo vilivyoidhinishwa, hata kama hawana cheti cha sekondari. Katika mipango kama hiyo kijana husoma pamoja na rika lake, hupewa mwenzake wa kumwongoza, na sehemu ya juma huitumia kazini. Hujifunza pia kusafiri mwenyewe, kutunza fedha, na kusema anachotaka na asichotaka.

Rumonge haina haja ya kungoja chuo kikuu. Kazi za mwambao zenyewe ni darasa. Dagaa hutandazwa juu ya vichanja, hugeuzwa, huchambuliwa takataka, kisha hupimwa na kufungwa. Katika tambarare ya Imbo, ngazi za michikichi huchumwa, tembe zikatenganishwa, zikachemshwa, zikakamuliwa mawese. Hizi ni kazi zenye hatua zinazofuatana kila siku kwa utaratibu ule ule, na hivyo ndivyo hasa kijana huyo anavyojifunza vizuri. Burundi inavyo vituo vya kufundishia ufundi. Kinachotakiwa ni kutomfungia mlango mtu kwa kigezo cha mtihani wa kuandika peke yake, kumwandaa mwalimu, na kukubaliana na vyama vya wavuvi na wakamuaji mawese wampokee mwanafunzi kwa siku kadhaa za juma, chini ya uangalizi.

Hapa lazima itolewe tahadhari. Kumbebesha kijana ndoo za maji na magunia mwaloni toka alfajiri hadi jioni kwa sahani ya ugali, kisha kudai kwamba amepewa kazi, si mafunzo bali ni unyonyaji. Mafunzo yana mwanzo na mwisho, na mwisho wake ni ujira halali anaolipwa mwenyewe, huku akijua kuuhesabu ili asipunjwe.

Jukumu hili haliwezi kuachiwa wazazi pekee. Mama anayemwogesha, kumlisha na kumlinda mwanawe hadi utu uzima huzeeka, na ipo siku atafariki. Kijana aliyefungiwa ndani kwa kuonewa huruma atabaki bila riziki na bila wa kumtetea. Aliyefundishwa kazi atabaki na kazi yake, na watu wa mwaloni wanaomfahamu kwa jina.

Wakati umefika basi kwa viongozi wa tarafa, walimu, vyama vya ushirika na jamaa kuorodhesha vijana hao, kijiji kwa kijiji, na kuulizana kila mmoja wao aweza kujifunza nini, na ni nani atakayemfundisha.