Kiwewe: Tusiwapime Wanawake na Wanaume kwa Kipimo Kimoja

Hotuba kwa kamati za ulinzi shirikishi na wahudumu wa afya ya jamii, Ndera, Wilaya ya Gasabo



Tumekutana Ndera, mahali ambapo jina lake, kwa sababu ya hospitali yake ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi. Mzaha huo unatugharimu, kwa kuwa mgonjwa huona ni heri kunyamaza kuliko kuonekana langoni pale.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionesha kuwa ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe uliwapata asilimia 3.6 ya wananchi kwa jumla, na asilimia 27.9 ya manusura wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Katika nchi nyingi uchunguzi wa awali hufanywa kwa maswali matano: majinamizi, kukwepa kumbukumbu, kushtukashtuka, ganzi ya moyo na kujilaumu. Lakini kuna swali linalotangulia yote: je, umewahi kupatwa na tukio la kutisha, kama vita, ajali au kushambuliwa kimwili au kingono? Akijibu hapana, maswali huishia hapo. Sasa mwanamke aliyebakwa, akiulizwa mbele ya mumewe au mama mkwe, atajibu nini?

Hata anayejibu ndiyo anaweza kuachwa nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu wanajeshi wa zamani wa Marekani uliona kwamba kikomo cha alama 4 kiliwafaa wanaume, ila kiliwapita wanawake wengi waliokuwa wagonjwa kweli. Watafiti wakasema kwao kikomo cha chini chaweza kufaa zaidi. Mwanajeshi wa Marekani si mama wa Ndera, wala sisi si madaktari. Hata hivyo, mama mwenye alama 3 asirudishwe nyumbani kwa kuwa karatasi imesema hivyo.

Wanaume nao wana njia yao ya kujificha. Kila Aprili, ihahamuka inapowashika akina mama kwenye kumbukumbu, kilio husikika na msaada hufika. Baba hukaa kimya. Baadaye huletwa kituoni kwa ulevi au kwa kumpiga mkewe, na daftari la mashitaka halina safu ya kiwewe. Sheria itafuata mkondo wake, kwani ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Lakini aulizwe pia analalaje usiku.

Kwa hiyo tunawaomba: muulizeni mtu akiwa peke yake, na mwanamke apewe nafasi ya kuulizwa na mwanamke mwenzake akitaka. Aliyefanyiwa ukatili aelekezwe Isange, kituo kilichoanza Kacyiru mwaka 2009, ambako daktari, mshauri na polisi hupatikana chini ya paa moja. Simu ya 3512 haina malipo, na anayepiga si lazima awe mhanga mwenyewe. Jirani aliyesikia kelele usiku anaweza kupiga.