Farasi Katikati ya Umati

Fungueni Zaburi ya 32, mstari wa 8 na wa 9. Hapo Mungu anaahidi kutuongoza kwa jicho lake, kisha anatuonya tusifanane na farasi asiyekaribia ila kwa hatamu.

Hapa Nyaramba twajua punda wa kubeba maji na maksai wa jembe. Farasi si wengi. Lakini kikosi cha polisi cha kuzuia wizi wa mifugo, chenye makao Gilgil, kina farasi, na polisi wa London huwatumia kutuliza umati. Ajabu ni kwamba farasi ni mwoga kwa asili. Akishtuka, hukimbia. Basi hufundishwa polepole: ngoma hupigwa mbali, kisha karibu kidogo, huzoezwa bendera, moshi, na mwavuli unaofunguka ghafula, ubavuni mwake akiwapo farasi mzee aliyekwisha kuzoea. Mpandaji naye hufundishwa, nadhani kwa taabu zaidi. Mikono yake ikikaza hatamu kwa hofu, farasi huipata hofu hiyo kinywani mara moja.

Tarehe 28 Aprili 1923, katika uwanja mpya wa Wembley, watu walifurika mpaka ndani ya mistari ya kuchezea. Waliohesabiwa ni 126,047. Wengine wengi waliruka kuta. Miongoni mwa polisi waliopanda farasi alikuwako George Scorey na Billie wake, farasi wa kijivu aliyeonekana mweupe katika sinema. Waliwasogeza watu hatua kwa hatua, Scorey akiwaambia washikane mikono warudi nyuma. Mpira ulichelewa dakika 45 hivi, ukachezwa.

Umati twaujua. Mwanzoni mwa 2008, mpakani mwa Borabu na Sotik, nyumba ziliungua pande zote mbili. Nilikuwa nikiishi huko. Usiku mmoja nilisimama mlangoni na panga, nikimngojea jirani ambaye kila asubuhi nilinunua maziwa kwake. Mkono ulinitetemeka. Mtoto wangu mdogo alikuwa ametulia kabisa, mpaka alipoutazama mkono ule. Ndipo akaanza kulia.

Hakuja mtu. Kulipokucha jirani yangu alipita na ng'ombe wake, akanisalimu. Nami nilikuwa bado nimelishika panga.

Tuombe.