Neno Moja, Maana Moja: Lugha ya Meli na Matagi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Huenda mtu akauliza: sisi wa Karagwe na Kyerwa, watu wa vilima na migomba, matagi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kahawa yetu huvuka bahari kwa meli, na mafuta ya magari yetu huja kwa meli.

Meli kubwa ikikaribia gati hupunguza mwendo, na usukani wake hupungua nguvu. Hapo ndipo matagi huivuta na kuisukuma, kwa amri za rubani katika simu ya upepo. Sasa rubani akisema, "Vuta kushoto," ni kushoto kwa nani? Tagi likielekeana na meli, kushoto kwake ni kulia kwa meli. Na tagi likivutwa ubavuni na kamba yake lenyewe, laweza kupinduka kabla mabaharia hawajatoka.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Bahari, ambalo Tanzania ni mwanachama tangu 1974, lilipitisha mwaka 2001 misemo sanifu ya Kiingereza. Anayesema aweza kutaja kwanza kama hilo ni swali, onyo au agizo. Naye apewaye amri ya usukani huirudia. Mwaka 2003 likaongeza pendekezo: rubani akisema na matagi kwa lugha asiyoifahamu nahodha, amweleze mapema kilichosemwa.

Tusidharau jambo hili. Mwaka 1977 ndege mbili ziligongana uwanjani Tenerife, watu 583 wakafa. Maneno yasiyo wazi katika simu ya upepo yalikuwa mojawapo ya sababu.

Ndugu zangu, usanifu haukifukuzi Kiswahili. Unadai kwamba hata amri ya Kiswahili iwe na maana moja tu, Dar es Salaam, Tanga, Mtwara, na hata kwetu Kemondo. Kazi hiyo yahitaji vijana wanaojua lugha na fizikia pamoja.

Basi wadogo zetu, anzeni hapa hapa. Usipoelewa, sema, "Rudia." Ukielewa, rudia ulichoambiwa. Kuitikia "ndiyo" kwa heshima tu kwaweza kumpendeza mkubwa, lakini kamba ikikazika, heshima hiyo haiokoi mtu.