Nguvu ya Kusubiri Bei: Biashara ya Haki na Wakulima wa Kahawa wa Kagera



Mkoani Kagera, butura haihitaji kuelezwa. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kijani, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Mkulima ana mtoto wa kupeleka shule au mgonjwa wa kupeleka hospitali, na mavuno yangali mbali. Mnunuzi anaitazama mibuni, anakadiria magunia, anataja bei yake, na kahawa ikiiva ni mali yake. Tuseme gunia ambalo msimu ukifika lingeuzwa shilingi 200,000 limechukuliwa kwa shilingi 100,000, miezi minne kabla ya kuvunwa. Mkulima huyo amekopa 100,000 na kulipa riba ya asilimia 100 kwa miezi minne.

Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, lakini butura inaendelea. Mwenye njaa hana miiko, na marufuku hailipi gharama za Januari. Hoja yangu leo ni kwamba umaskini wa mzalishaji hautokani na bei ndogo peke yake. Unatokana pia na kukosa uwezo wa kuisubiri bei nzuri. Biashara ya haki huendeleza jamii ya wakulima pale inapoipa jamii hiyo nguvu ya kusubiri. Isipofanya hivyo, hubaki nembo nzuri kwenye pakiti inayouzwa Ulaya.

Nembo hiyo ina historia yake. Mwaka 1988 nchini Uholanzi ilianzishwa nembo ya Max Havelaar, na kahawa yake ya kwanza ilitoka kwa wakulima wadogo wa ushirika wa UCIRI, katika jimbo la Oaxaca, Mexico. Waasisi wake walikuwa Nico Roozen na padri Frans van der Hoff, aliyekuwa akiishi na wakulima hao. Haukupita mwaka, na Julai 1989 mfumo wa mgawo wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ukavunjika. Bei ya dunia ilianguka vibaya, na kufikia mwishoni mwa 2001 ratili moja ya arabika ilikuwa chini ya senti 50 za dola ya Marekani.

Lakini wazo la kuuza pamoja halikuletwa kwetu na Wazungu wenye huruma. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na chama kikuu chao, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Bukoba ilipata chama kikuu chake mwaka 1950, mzazi wa KCU, chama kikuu cha Kagera cha leo. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini. Biashara ya haki ilipofika Kagera ilikuta ushirika uliokwisha kuvunjwa na kujengwa upya, ushirika uliolazimika kushindana na watu wenye fedha taslimu. Thamani yake kwa Kagera tuipime kwa namna ilivyouongezea ushirika huo nguvu.

Biashara ya haki inafanya kazi kwa njia tatu. Ya kwanza ni bei ya chini iliyohakikishwa. Kwa viwango vilivyoanza Agosti 2023, bei hiyo ilikuwa dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, na dola 1.20 kwa robusta iliyokaushwa na maganda yake, ambayo ndiyo kahawa kuu ya Kagera. Soko likipanda juu ya hapo, hulipwa bei ya soko. Njia ya pili ni nyongeza ya kijamii, senti 20 kwa kila ratili, ambayo matumizi yake huamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Njia ya tatu husemwa kidogo mno: chama kikiomba, mnunuzi anatakiwa kukisaidia kupata hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba kabla kahawa haijasafirishwa.

Hiyo njia ya tatu ndiyo inayokutana uso kwa uso na butura. Chama chenye fedha mapema kinaweza kumpa mkulima malipo ya awali siku anapoleta kahawa yake ya maganda, kisha akapata malipo ya pili baada ya mauzo. Chama kisicho na fedha humpa karatasi na ahadi, na karatasi haimtoi mgonjwa hospitali.

Sasa tuitazame nyongeza kwa hesabu. Chama chenye tani 100 za kahawa safi, kama zote zingeuzwa kwa masharti haya, kingepata takriban dola 44,000. Kwa kawaida, hata hivyo, sehemu tu ya kahawa iliyothibitishwa ndiyo hupata mnunuzi wa biashara ya haki. Iliyobaki huuzwa kama kahawa nyingine. Ikiuzwa robo tu, nyongeza ni dola 11,000, na gharama za ukaguzi bado zipo. Tukiigawa fedha hiyo kwa kila mwanachama, inaishia kwenye chumvi na sabuni. Ikikusanywa na kuelekezwa mahali pamoja, inaweza kubadili nafasi ya mkulima sokoni.

KCU ilifanya hivyo. Ilitumia sehemu ya nyongeza yake kununua hisa za Tanica, kiwanda cha kahawa ya kuyeyuka kilichopo Bukoba. Madarasa na zahanati ni vitu vyema, nami sivibezi, ingawa kuvijenga ni wajibu wa serikali inayokusanya kodi. Kiwanda kinampa mkulima sehemu ya thamani inayopatikana baada ya kahawa kutoka shambani, thamani ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikivuka bahari na kuwafaidi wengine.

Lakini tuulize pia ni nani tunayemwita mzalishaji. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, SOAS, uliotolewa mwaka 2014 kuhusu Ethiopia na Uganda, ulionyesha kwamba vibarua katika maeneo yenye vyama vya biashara ya haki hawakuwa na ujira bora kuliko wenzao wa maeneo mengine. Mchumaji asiye na shamba hana kura katika mkutano mkuu. Wanawake wengi wa Kagera nao wako hivyo: wanapalilia, wanachuma na kuanika, lakini mibuni imeandikwa jina la mume au ukoo. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila ya Kihaya ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi inapingana na Katiba. Sheria imekwisha kusema. Daftari la wanachama halina budi kuifuata.

Na msimu wa bei kubwa una mtihani wake. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili. Hapo bei ya chini haina kazi, mnunuzi binafsi anagonga mlango kwa fedha taslimu, na chama kilichotia saini mikataba kinakosa kahawa ya kuitimiza. Mwanachama hubaki na chama chake msimu kama huo ikiwa tu anakiamini, na imani hiyo hutokana na hesabu zinazosomwa hadharani, kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kila chama kitenge sehemu ya nyongeza kuwa mfuko wa kuvusha msimu, ukopeshe wanachama kwa riba ndogo katika miezi ambayo butura hushamiri. Wanawake na vibarua wapewe uanachama au viti vyenye kura panapoamuliwa nyongeza. Na vyuo vyetu vikuu vipeleke wanafunzi wa uhasibu na sheria kuvisaidia vyama vya msingi kusoma mikataba na kukagua vitabu, kwa sababu chama kisichojua kusoma mkataba wake hakiwezi kudai fedha ya mapema, hadi asilimia 60, iliyo haki yake.

Mnywaji wa kahawa ng'ambo anaweza kulipa zaidi, nasi tumshukuru. Kumwezesha mkulima kusema "sasa siuzi, nasubiri" ni kazi yetu sisi, na vyombo vya kuifanya tunavyo tayari.